Nauli Alilipa Nani?

Ndugu msomaji, ninalo daftari dogo lenye jalada la buluu ambalo kwa muda wa miaka minane sikumwonyesha mtu. Ndani yake hamna siri ya serikali wala mashairi ya mapenzi. Mna tarakimu tupu: tarehe ya safari, mji nilioondoka, mji niliofikia, na idadi ya maili nilizoandikiwa na shirika la ndege kwa safari hiyo. Mstari wa mwisho, niliouandika mwezi Machi mwaka huu, unasomeka 46,200. Kwa maili hizo nilikuwa nimekusudia kumpeleka mke wangu fungate.

Mimi ni mwandishi wa habari, umri wangu miaka thelathini na minne, na kazi hii imenipeleka Addis Ababa mara nne, Nairobi mara tano, Kigali, Lusaka na Johannesburg. Karibu mara zote nilikuwa nyuma ya wajumbe wa mkutano fulani, kinasa sauti mkononi. Tiketi ilikatwa na ofisi. Kazi yangu ilikuwa kufika kaunta na kutaja namba yangu ya uanachama, namba ambayo hata leo naikumbuka kuliko ile ya kitambulisho changu cha taifa.

Mchumba wangu ni mkunga katika hospitali moja ya hapa Dar es Salaam. Amezaliwa Mpale, huko juu ya milima ya Usambara wilayani Korogwe, na hajapata kupanda ndege hata mara moja. Amepanga chumba Vingunguti, na kila akitoka zamu ya usiku huziona ndege zikishuka karibu sana na mapaa, hata huweza kuhesabu madirisha. Mwaka jana nilipomwambia kwamba fungate yetu itakuwa Shelisheli, na kwamba nauli haitatugharimu hata senti moja, alicheka, kisha akanyamaza, kisha akauliza, "Kweli?" Nikamjibu kwa kumfungulia daftari la buluu. Yeye ndiye mtu wa kwanza kuliona.

Yafaa nieleze kidogo jambo lenyewe, maana wengi wetu tunazo pointi za aina hii mfukoni na hatuzijui asili yake. Serikali ya Marekani ililegeza udhibiti wa nauli na njia za ndege mwaka 1978, na mashirika yakaanza kunyang'anyana abiria. Mwaka 1981 American Airlines ikaanzisha mpango wa kumhesabia abiria umbali aliosafiri, na umbali huo ukifika kiwango fulani apewe safari bila ya kulipa nauli. Wenzake wakaiga mwaka huohuo. Leo mashirika makubwa mengi yana mpango kama huo. Ethiopian Airlines wana ShebaMiles, wakimkumbuka yule malkia. Kenya Airways, ambao kwa miaka mingi walishirikiana na Air France na KLM katika mpango wa Flying Blue, sasa wana wao wanaouita Asante. Mchezo huo ukahama kutoka angani ukaja hadi kwenye simu zetu. Safaricom ya Kenya ilianza kutoa pointi za Bonga mwaka 2007, na wakati wa janga la korona mwaka 2020 wateja wakaruhusiwa kuzitumia kulipia chakula madukani. Hapa kwetu Vodacom wana pointi za Tuzo. Kila anayeongeza salio ana akiba ndogo iliyolala mahali, na wengi huikumbuka pale wanapoishiwa muda wa maongezi.

Ila usidhani kwamba ni sadaka. Pointi ni ahadi, na mwenye kuahidi ndiye anayeweka masharti, na akipenda huyabadili. Zamani abiria alihesabiwa umbali. Tangu mwaka 2015 Delta na United za Marekani huhesabu fedha zilizolipwa, hivyo aliyekata tiketi ya bei nafuu akaenda mbali anaweza kupata pungufu kuliko tajiri aliyekwenda karibu. Mimi msomaji wa magazeti ya kila siku nililijua jambo hilo, lakini mtu anapojihesabia mali yake hukumbuka kuongeza, hakumbuki kupunguza.

Basi tulikaa mezani jioni moja, mimi na mchumba wangu, tukaanza kupanga. Yeye ana daftari lake, la kawaida la shule, ambalo huandikia zamu na madeni. Safari ya Shelisheli kwenda na kurudi, kwa mtu mmoja, ilihitaji maili 32,000. Watu wawili ni 64,000. Mimi nilikuwa na 46,200. Aliandika hesabu hiyo mara mbili kisha akaniambia, kwa sauti ileile anayowaambia wajawazito kwamba bado mapema, "Zinatosha mtu mmoja na karibu nusu."

Hayo yalikuwa mwanzo tu. Tiketi ya pointi si tiketi ya bure, maana nauli peke yake ndiyo inayoondolewa. Kodi, ada ya kiwanja, ada ya usalama na nyongeza ya mafuta hubaki palepale, na kwa watu wawili ilikaribia shilingi laki tisa. Tena si kila kiti katika ndege huuzwa kwa pointi. Hutengwa vichache, na hivyo vichache huchukuliwa mapema na wenye uzoefu, au huwekwa katika siku ambazo mtu mwenye kazi hawezi kusafiri. Katika mwezi mzima tulioutaka, viti viwili kwa pamoja vilipatikana kwa tarehe mbili. Moja ilikuwa siku ya mkesha wa harusi yetu.

Nikatafuta njia za kuziba pengo. Shirika lenyewe huuza maili kwa anayepungukiwa, lakini bei ya zile 17,800 ilikaribia bei ya tiketi nzima kwa fedha taslimu. Benki moja nayo ilikuwa ikinishawishi nichukue kadi ya mkopo inayotoa pointi kwa kila ununuzi. Nikapiga mahesabu: tukinunua friji, kabati na makochi ya nyumba yetu mpya kwa kadi hiyo, tungepata karibu nusu ya pengo. Nilimweleza mchumba wangu kwa shauku. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza riba ni kiasi gani kwa mwezi, akaandika, akazidisha kwa miezi tutakayokuwa tukilipa. "Kwa hiyo," akasema, "tunanunua friji ili tupate ndege, halafu tunauza friji ili tulipe ndege." Habari ya kadi ikaishia hapo.

Hata hivyo hatukukata tamaa. Tukaazimia kwamba pengo tutalipa kidogo kidogo, na kwamba tukienda Mpale kupeleka mahari tutawaarifu wazee kuwa mara baada ya harusi bi harusi ataondoka. Nilijua habari hiyo ingenipa heshima. Si kila mkwe anayepeleka binti wa Mpale ng'ambo ya bahari.

Tulipanda basi alfajiri katika stendi ya Magufuli, Mbezi, tukapita Chalinze na daraja la Wami, tukaingia Handeni kwa Mkata na Kabuku, hadi Segera njia inapogawanyika, ya kulia ikienda Tanga na yetu ikipanda kuelekea Korogwe. Kutoka Korogwe safari ni ya bodaboda, na kwa mtu wa pwani kama mimi ni safari ya kutubu dhambi. Joto la mkonge unaliacha chini. Kadiri unavyopanda, hewa hupoa, migomba huongezeka, na ukungu huja ukakaa begani kama mtu anayekufahamu. Mchumba wangu, aliyekuwa juu ya bodaboda ya mbele, aligeuka akacheka alipoona navaa koti juu ya koti.

Tulipokelewa nyumbani kwa mjomba wake, ndugu wa mama yake, mzee aliyeanza ukarani katika chama cha ushirika mwaka 1972, akaendelea hadi vyama vikuu vilipovunjwa mwaka 1976, kisha akafanya kazi ya kuandika vitabu vya hesabu katika shamba la mkonge hadi alipostaafu. Ana miwani iliyofungwa uzi na sauti ndogo. Mambo ya mahari yalimalizwa na washenga kwa salama, na usiku, baada ya chakula, chini ya taa ya umeme wa jua, ndipo aliponigeukia.

"Mkwe, nasikia mnakwenda visiwani."

"Ndiyo, Mjomba. Shelisheli."

"Ni mbali huko. Nauli analipa nani?"

Nikamweleza kwa unyenyekevu wa uongo kwamba hakuna nauli, ila vijikodi kidogo. Kwamba ni zawadi ya shirika la ndege kwa sababu ya kusafiri nao mara nyingi.

"Na hizo safari nyingi," akasema, "nauli alilipa nani?"

"Ofisi, Mjomba."

Alitikisa kichwa taratibu, kama anayekubaliana nami. "Kumbe ofisi ndiyo iliyopata zawadi. Wewe umeipokea kwa niaba yake."

Nilicheka. Yeye hakucheka, wala hakukasirika. Alianza kunisimulia habari za magunia. Katika ujana wake alitumwa na ushirika kununua magunia matupu kwa mfanyabiashara mmoja mjini, magunia mia kila safari. Mara ya kwanza mfanyabiashara alimhesabia mia, akaongeza moja, akasema, hili lako, kilemba chako, usiwaambie. Gunia wakati huo lilikuwa kitu. Akalichukua, akampelekea mama yake, nao wakatandika kitandani. Mara ya pili akapewa tena. Mara ya tatu, alipofika mjini, alimkuta mfanyabiashara wa pili ana magunia mazuri zaidi na bei ndogo, lakini huyo hatoi kilemba. "Nilisimama njia panda na fedha za watu mkononi," akasema, "nikaona miguu yangu inakwenda kwa yule wa kwanza. Hapo ndipo nilipojua lile gunia moja lilikuwa ni bei ya nini."

Nilimuuliza alifanya nini. Alisema siku hiyo alinunua kwa yule wa kwanza vilevile. Safari iliyofuata ndipo alipoandika kitabuni, magunia 101. Mwenyekiti wa chama alimshangaa. "Lile la mama sikulirudisha," akaongeza. "Lilikuwa limekwisha chakaa."

Sikulala vizuri, na si kwa sababu ya baridi. Ndugu msomaji, katika daftari langu la buluu mna safari moja ya Lusaka, ya mwaka 2023. Kulikuwa na njia fupi na njia ndefu. Njia ndefu ilipitia Addis Ababa kwa shirika langu, yaani ilinipeleka kaskazini ili nifike kusini, na ilikuwa na maili nyingi. Nilimwambia karani wa safari kwamba ile ya njia fupi imejaa. Haikuwa imejaa. Ofisi ikalipa dola 190 zaidi, nami nikafika ukumbini hotuba ya ufunguzi imekwisha, nikaandika habari yangu kwa kunakili karatasi iliyogawiwa. Hapana aliyegundua. Miguu yangu ilikuwa imekwenda kwa mfanyabiashara wa kwanza.

Baadaye nilisoma zaidi juu ya jambo hili, nikaona hatuko peke yetu. Katika Ujerumani, mwezi Julai 2002, gazeti moja lilifichua kwamba wanasiasa kadhaa walizitumia kwa safari zao binafsi maili walizozipata katika safari za kazi. Gregor Gysi, aliyekuwa na wadhifa wa uchumi katika serikali ya jimbo la Berlin, akajiuzulu. Marekani wakaenda upande wa pili: mwezi Desemba 2001 walipitisha sheria ya kuwaruhusu watumishi wa serikali kuu wajiwekee maili za safari za kikazi, ambazo kabla ya hapo zilihesabiwa kuwa mali ya serikali. Hoja yao ina uzito. Anayelala kwenye kiti cha chuma uwanjani saa nane usiku ni msafiri, si wizara. Mwenzangu mmoja katika chumba cha habari alinitetea kwa hoja hiyohiyo, tena kwa ukali, kwani naye ana daftari lake.

Mimi sikuweza kuivua ile habari ya magunia. Kwa usumbufu wa kulala uwanjani ofisi ilikwisha nilipa, ndiyo posho ya safari. Maili ni kitu kingine. Shirika la ndege halikumpa mwenye kulipa nauli, lilinipa mimi ninayechagua, na lilifanya hivyo kwa makusudi, ili nichague kwa fedha zisizo zangu. Mtu anayejilipia nauli mwenyewe akizawadiwa, huo ni upunguzo wa bei na ni haki yake. Anayelipiwa na mwingine akizawadiwa yeye, sijui tuliite jina gani, ila mjomba alikwisha sema ni kilemba.

Nilifikiri mchumba wangu angenipongeza. Asubuhi ile Mpale nilimkuta jikoni, nje ya nyumba, akichochea moto pamoja na bibi yake, nikamwita kando nikamweleza yote, pamoja na habari ya Lusaka. Alikuwa na mwiko mkononi. Alinitazama kwa muda mrefu.

"Wewe na Mjomba," akasema, "mmekaa usiku mmoja mmejisafisha nafsi zenu. Vizuri. Na mimi ambaye sikusema uongo kwa karani yeyote, wala sikupewa gunia, ndiye ninayeshushwa kwenye ndege."

Sikuwa na jibu. Alikuwa amekwisha waambia wakunga wenzake zamu nzima. Alikuwa amenunua kofia ya jua. Ni rahisi sana kwa mwanamume kuwa mwadilifu kwa kutumia furaha ya mtu mwingine. Nayasema haya kwa sababu siku hiyo nilijiona nafanya hivyo mbele ya moto wa kuni, na moshi ulinisaidia kuficha uso.

Bibi yake, ambaye Kiswahili chetu alikisikia chote, ndiye aliyevunja ukimya. Alitaka kujua fungate hiyo ya ndegeni ni siku ngapi. Tukamjibu, tano. Akashangaa. Akanyosha vidole vyake akahesabu kwa Kisambaa, taratibu, hata akafika mufungate, akasimama hapo, akanitazama kama mtoto wa shule aliyekosea hesabu. Mufungate ndiyo saba. Neno fungate tunalolitumia sisi sote, hata tulio mijini tunaosema honimuni, si jingine ila hesabu ya kale ya saba, tuliyokuwa nayo kabla hatujaazima saba ya Waarabu. Huku pwani mababu zetu waliwafungia maharusi ndani siku saba, wakaletewa chakula na kuandikiwa maji ya kuoga. Sisi tulikuwa tumepanga siku tano kwa sababu kiti cha pointi cha kurudi kilipatikana siku ya tano.

"Mtakaa hapa saba," akasema bibi. "Chakula kipo. Kuni zipo. Mkitoka, mwende mnakotaka."

Tulirudi Dar es Salaam tukiwa kimya hadi Chalinze. Hapo mchumba wangu alitoa daftari lake la shule. Akafungua ukurasa wa makadirio ya kamati ya harusi, ule uliojaa ukumbi, keki, vinywaji, sare za kamati na msafara wa magari. Akateremka na kalamu mstari kwa mstari hadi akafika mahali palipoandikwa picha za kamera inayoruka, zile zinazopigwa kutoka angani maharusi wakiingia. Bei yake ilikuwa kubwa kuliko ya keki.

"Hii itolewe," akasema. "Badala ya kuruka kamera, niruke mimi."

Ofisini mambo yalikuwa magumu kuliko nilivyotazamia, na kidogo ya kuchekesha. Nilikwenda kwa mhariri wangu, nikamweleza habari ya maili, na ile ya Lusaka pia. Ya Lusaka alinikaripia inavyostahili, na zile dola 190 zinakatwa katika mshahara wangu kwa miezi minne. Ya maili hakujua aiweke wapi. Tunayo kanuni ya petroli, ya posho na ya vocha za simu. Ya maili hatuna. Mhasibu alinionea huruma. Aliniuliza maili ni mali au ni fedha, na kama ni mali, zinachakaa kwa asilimia ngapi kwa mwaka. Nikamwambia hizi zangu huchakaa zote kwa siku moja, zikifika mwisho wa muda wake bila ya kutumika.

Mwisho ulipatikana utaratibu. Akaunti ni ya mtu binafsi na haiwezi kuhamishiwa ofisi, lakini mwanachama anaruhusiwa kumkatia mtu mwingine tiketi kwa maili zake. Basi mwandishi kijana wa dawati letu la michezo, ambaye alikuwa hajapata kutoka nje ya nchi kwa kukosa bajeti, amekwenda Johannesburg na kurudi kwa maili 30,000, ofisi ikilipa kodi tu. Katika zile zilizobaki, 3,900 ni zangu halali. Nilizipata mwaka 2021 nilipokwenda Nairobi kwa fedha yangu kumwuguza kaka yangu. Hizo 12,300 nyingine zinamngoja atakayetumwa.

Wenzangu wameanza kuniita Padri. Sioni ubaya, ijapokuwa mimi ni Mwislamu.

Kuhusu fungate, mpango uliopo sasa ni huu. Harusi itafungwa Mpale mwezi Desemba, na siku saba za bibi tutazikaa palepale, katika chumba ambacho mjomba amekwisha kipaka chokaa. Nimeonywa nije na masweta mawili. Kisha tutashuka Korogwe, tutarudi Dar es Salaam, na siku ya kumi tutavuka kwenda Unguja kwa siku tatu. Mimi nilipendekeza boti, kwa kuwa ni saa mbili tu na nauli yake ni nafuu. Pendekezo langu halikujadiliwa. Kwenda ni ndege, dakika ishirini hivi hewani, kwa fedha taslimu zilizotoka katika ile kamera; kurudi ndiyo boti.

Juma lililopita tulikwenda pamoja kwa wakala kukata tiketi. Mchumba wangu alikuwa ametoka zamu ya usiku na hakutaka kwenda kulala kwanza. Karani alimuuliza anapendelea kiti gani, naye akajibu kabla swali halijaisha, dirishani. Akataka kujua ni upande upi, wakati wa kuruka, mtu huweza kuziona nyumba za Vingunguti. Karani hakujua, akaenda akauliza kwa mwenzake. Wakati tukisubiri, nilitoa fedha nikazihesabu juu ya kaunta, noti kwa noti.

Karani aliporudi, akainamia mashine yake, akauliza kama kuna namba ya uanachama ya kuhesabia pointi.

Mdomo wangu ulikuwa umekwisha funguka. Nikaona mkono wa mchumba wangu umewekwa juu ya wangu.

"Yeye hana safari hapa," akamwambia karani. "Hii nauli nimelipa mimi, kwa kamera yangu. Niandikishe mimi." Akaanza kutaja jina lake, herufi moja moja.